Maji ya sola ni moto jioni, alfajiri ni baridi. Elementi mpya haijasaidia (Kiamunyi, Nakuru)

BabaMapacha, Jumatatu saa 1:40 jioni

Wadau, hamjambo. Naomba msaada kabla sijatoa pesa nyingine.

Nina hita ya sola ya lita 200, paneli bapa moja na tangi la kulala juu ya mabati. Iliwekwa 2021. Maji baridi yanatoka kwenye tangi jeusi la lita 1,000 lililo kwenye stendi ya chuma, juu kidogo ya hita. Miaka yote imefanya kazi vizuri hata Julai, na wanaokaa Kiamunyi mnajua asubuhi za Julai zilivyo.

Tangu Mei mambo yameharibika. Saa kumi jioni ukifungua mfereji wa moto jikoni huwezi kuweka mkono. Watoto wakiamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shule, maji ni vuguvugu, siku nyingine ni baridi kabisa. Nikiwasha stima saa nzima, bado hayafiki mahali pa kuogea mtoto. Tokeni zinaisha mbio.

Fundi wa kwanza alisema elementi, ile koili ya stima inayopasha maji ndani ya tangi, imekufa. Akabadilisha elementi na themostati, nikalipa 9,500. Wiki mbili hali ni ile ile. Wa pili ameangalia kwa dakika kumi akasema tangi limeharibika ndani, ninunue lingine, 85,000 pamoja na kazi. Sina hizo pesa sasa, na hata ningekuwa nazo sijaamini.

Nyumbani tuko sita, pamoja na mama mkwe aliyekuja kukaa nasi. Ana ugonjwa wa viungo na maji ya moto kwake ni dawa. Ndiyo sababu jambo hili linaninyima usingizi.

Mkulima_Bahati, saa 2:05 usiku

Pole sana, Baba Mapacha. Mimi niliachana na sola, nikaweka shawa ya stima ya papo hapo. Unabonyeza, unaoga, unamaliza.

MwalimuNjoro, saa 2:20 usiku

Mkulima, hiyo shawa inakula wati elfu tano na zaidi kila ikiwaka. Kwa watu sita, na hita ya sola tayari iko juu ya nyumba, ni afadhali kwanza ajue ugonjwa.

Baba Mapacha, umewahi kuangalia kama ni chokaa? Sisi huku Njoro tunatumia maji ya kisima na birika linashika ukoko mweupe. Nafikiri ni ile floridi inayotia meno ya watoto rangi.

FundiSection58, saa 3:10 usiku

Mwalimu, naomba nikusahihishe hapo kwa heshima, kwa sababu watu wengi Nakuru wanachanganya haya mambo mawili. Floridi haiachi ukoko. Ukoko ni kazi ya kalsiamu na magnesiamu. Katika Bonde la Ufa maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na kalsiamu kidogo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na birika safi na bado maji yanaharibu meno ya watoto. Na kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, inazidi kukolea. Kwa maji ya kunywa tafuteni chujio la mkaa wa mifupa. Kwa hita, floridi si kitu.

Sasa Baba Mapacha. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nakuomba usinunue tangi. Tangi ambalo saa kumi jioni linatoa maji yasiyoshikika halijafa. Joto linapatikana, ila kuna mahali linakwenda. Tutafute mahali hapo.

Hata ile elementi ya kwanza sidhani ilikuwa imekufa. Fanya hesabu. Kupandisha lita 200 kwa nyuzi 25 kunataka karibu yuniti 6. Elementi yako ni ya wati ngapi? Kama ni 1,500, saa moja ni yuniti moja na nusu, na hiyo inapandisha tangi zima nyuzi 6 au 7 tu. Ukianza na maji ya nyuzi 25 unafika 32. Mtoto atatetemeka na elementi ni nzima kabisa.

Nifanyie haya kesho:

Saa nane mchana panda juu, uguse paipu mbili za paneli. Ile ya juu inayoingia kwenye tangi iwe ya kuunguza, ya chini iwe na joto kidogo tu. Hapo tutajua maji yanazunguka.

Saa nne usiku uziguse tena. Zikiwa zimepoa, vizuri. Kama ile ya juu bado ina moto usiku, maji yanazunguka kinyume, yanatoka tangini kurudi kwenye paneli na paneli inayapoza kwa baridi ya usiku. Hilo hutokea tangi likiwekwa chini sana, usawa mmoja na paneli.

Halafu tafuta kipimajoto. Pima maji ya mfereji wa moto saa kumi jioni, saa tatu usiku, na saa kumi na moja alfajiri. Acha maji yatiririke kwanza hadi yale yaliyolala kwenye paipu yaishe.

NyarKisumo, saa 3:32 usiku

Samahani kuingilia, fundi. Mimi niko Riat, Kisumu. Hita yangu ya sola ni ya zile za mirija ya kioo. Wiki iliyopita maji yalikatika siku tatu, tangi la juu likakauka. Maji yamerudi, mfereji wa baridi unatoka vizuri, wa moto unapiga chafya mara mbili halafu kimya. Naye fundi wangu anasema pampu.

FundiSection58, saa 3:50 usiku

Dada, usinunue pampu. Hewa imekwama kwenye paipu ya moto. Kama una mfereji wa baridi unaotoka moja kwa moja kwenye laini ya mtaani, si kwenye tangi lako, chukua kipande cha mpira, unganisha mfereji huo na ule wa moto wa sinki. Fungua wa moto kwanza, kisha fungua wa baridi dakika moja. Presha ya laini inasukuma hewa irudi juu itoke kwa paipu ya kupumulia.

Lakini nisikilize vizuri: kama hita nayo ilikauka, usijaze maji mchana. Mirija mitupu iliyokaa juani ina moto mkali mno, ikipokea maji baridi inapasuka. Fanya jua likishatua na mirija ikishapoa, au alfajiri.

Mkulima_Bahati, Jumanne saa 12:15 asubuhi

Baba Mapacha, nina kipimajoto cha maziwa, kile cha kupimia wakati wa kupasha. Kijana wangu anapita Kiamunyi leo akipeleka maziwa, atakuachia.

BabaMapacha, Jumanne saa 4:30 usiku

Mungu akubariki, Mkulima, kimefika.

Fundi, matokeo ni haya. Saa nane mchana paipu ya juu ya paneli ilinichoma kidole, ya chini ilikuwa na joto la kawaida. Sasa hivi nimeshuka kutoka juu, zote mbili ni baridi kama chuma cha lango. Elementi ni ya wati 1,500, ulikisia sawa.

Saa kumi jioni maji yalikuwa nyuzi 61. Saa tatu usiku, 38. Na hakuna mtu ameoga maji ya moto leo jioni, niliwaambia wote wasubiri ili nipime. Hata vyombo vimeoshwa kwa maji baridi.

BabaMapacha, Jumatano saa 11:10 alfajiri

Nyuzi 27.

FundiSection58, Jumatano saa 1:05 asubuhi

Umefanya kazi safi sana. Hizo namba tatu zinaongea, hebu tuzitazame pamoja.

Kutoka saa kumi jioni hadi saa tatu usiku ni saa tano. Umepoteza nyuzi 23. Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa nane, tena ndizo saa za baridi kali. Umepoteza 11 tu.

Kama tatizo lingekuwa tangi lisiloshika joto, lingeendelea kupoteza usiku kucha hata watu wakiwa wamelala; maji yakiwa moto zaidi hupoa haraka zaidi, ni kweli, lakini si kwa tofauti kubwa hivi. Lako limepoteza zaidi watu wakiwa macho, na wakati hakuna aliyefungua mfereji wa moto. Watu walikuwa wanatumia nini saa hizo? Maji baridi. Vyombo, choo, kufua soksi za shule. Na hata usiku wa manane mtu huamka kwenda chooni.

Nashangaa hakuna aliyekuuliza swali hili: je, kuna mfereji wowote wa baridi nyumbani unaotoa maji yenye joto?

BabaMapacha, Jumatano saa 1:40 asubuhi

Fundi, umenishtua. Mama mkwe aliwahi kusema maji ya choo cha wageni, yale ya kwenye kisanduku, yana joto akiyagusa. Alisema kama wiki tatu zilizopita. Nilidhani ni jua limepiga paipu ukutani.

FundiSection58, Jumatano saa 1:48 asubuhi

Mama ameona kile ambacho mafundi wawili hawakukiona. Mpelekee shukrani zangu.

Maji yako ya moto na ya baridi yamekutana mahali. Kuna mlango wazi kati ya paipu mbili. Ukivuta maji ya choo, sehemu inapita njia yake ya kawaida, na sehemu nyingine inatoka kwenye hita, inashuka kwa paipu ya moto, inapita ule mlango na kuingia upande wa baridi. Kila lita inayotoka hivyo, lita moja baridi inaingia tangini kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo choo kinakula moto wenu. Na mtu akifungua moto kuoga, baridi inapita mlango huo huo kinyume na kuchanganyika.

Kipimo cha mwisho. Juu kwenye hita kuna valvu ya maji baridi yanayoingia. Ifunge kabisa, na stima ya hita uizime kwenye breka. Nenda jikoni, fungua mfereji wa moto. Kwa hita ya aina yako yatatoka yaliyo kwenye paipu, yatapungua, yatakata. Yakiendelea kutoka kwa nguvu, hayo hayatoki kwenye hita, yanatoka upande wa baridi kupitia mlango tunaoutafuta.

Wanaosoma wenye hita ya mirija isiyo na presha, msiige kipimo hiki ovyo. Zile nyingi hutoa maji chini ya tangi, mtajikuta mmemwaga tangi lote na mirija imekauka juani.

DadaLeeds, Jumatano saa 6:20 mchana

Nimewafuata kimya tangu Jumatatu kwa sababu nami nina shida inayofanana. Nilisomea Nakuru, sasa nafanya kazi ya uuguzi Leeds, Uingereza. Nyumba niliyopanga ina boila ya gesi inayopasha radieta na maji ya kuoga pamoja. Radieta zikiwaka, maji ya mfereji yanakuwa moto. Nikizizima, maji ni baridi. Fundi, hili nalo ni kukutana kwa paipu?

FundiSection58, Jumatano saa 7:15 mchana

Hapana dada, hilo ni jingine. Boila ya namna hiyo ina valvu inayogawa moto kati ya radieta na mifereji. Ulivyoeleza, yawezekana valvu hiyo imekwama upande wa radieta, na mifereji inapata joto kwa bahati tu radieta zinapowaka. Wewe tazama saa ya presha tu, yaani geji ya boila. Mfumo ukiwa umepoa, isome kati ya bari 1 na 1.5. Ndani ya boila usiguse. Huko sheria inataka kazi ya gesi ifanywe na aliyesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na kwa nyumba ya kupanga mwenye nyumba ndiye wa kumleta. Mwambie kwa maandishi, na ueleze hivyo hivyo ulivyotueleza sisi.

BabaMapacha, Jumatano saa 12:50 jioni

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi juu ya mabati.

Nimefunga valvu, nimezima breka, nimefungua moto jikoni. Dakika tano nzima maji yanatoka kwa nguvu ile ile, baridi. Nilisimama pale nikiyatazama tu.

Kisha nikaanza kuzunguka nyumba. Mikisa ya sinki ya jikoni, ule mfereji unaochanganya moto na baridi, nimeifunga upande wa baridi, bado. Bafu letu, bado. Nikaenda bafu la wageni, nikafunga vishikio viwili vya shawa, cha moto na cha baridi. Mke wangu akapiga kelele kutoka jikoni: yamekata!

Na sasa nakumbuka. Mama alipokuja Mei, mikono yake haikuweza kuzungusha vile vishikio, ni vigumu. Nikamnunulia shawa ya mkono, ile yenye kitufe kwenye kichwa, unabonyeza na kuachia kwa kidole kimoja. Nikamwekea mchanganyiko unaomfaa, nikamwambia mama, hivi vishikio usiviguse, wewe bonyeza kitufe tu. Ni mimi niliyeuacha huo mlango wazi, mchana na usiku, tangu Mei. Nilitaka kumrahisishia.

NyarKisumo, saa 1:10 jioni

Baba Mapacha, ulifanya jambo la upendo, usijilaumu. Wakwe kama wewe ni wachache.

Na fundi, asante! Nimefanya ile ya mpira jana baada ya magharibi. Ilinguruma huko juu kama dakika nzima, halafu moto ukatoka mfululizo. Sikutumia hata shilingi, mpira ni wa kumwagilia sukuma.

FundiSection58, saa 1:45 jioni

Nimefurahi, dada. Sasa osha tangi lako la juu, maji yakirudi baada ya kukatika yanakuja na tope, na tope likitulia kwenye hita ni vigumu kulitoa.

Baba Mapacha, kitufe kile kinafunga mdomo wa shawa, hakifungi paipu. Nyuma yake moto na baridi vinabaki vimeshikana mikono. Nimeyakuta haya pia kwenye mashine za kufulia, na kwenye mikisa ya mkono mmoja ambayo raba za ndani zimekwisha. Hizo ni mbaya zaidi kwa sababu kwa nje kila kitu kinaonekana kimefungwa.

Usimnyang'anye mama shawa yake. Weka valvu ya njia moja kwenye paipu ya moto inayoingia ile mikisa, na nyingine kwenye ya baridi. Maji yatakwenda mbele tu kuelekea shawa, hayawezi kuvuka. Kwa leo, mtu mwingine awe anafunga vishikio mama akimaliza.

Mambo mawili zaidi kwa kuwa ni nyumba ya mzee na watoto. Joto likirudi utashtuka, maana mmezoea vuguvugu. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo baridi ifunguliwe kwanza, moto baadaye. Na ile paipu ya kupumulia iliyosimama juu ya hita, mtu asije akaiziba kwa sababu inatoa mvuke siku ya jua kali. Huku kwetu juu maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo Januari na Februari mvuke ni kawaida. Ukiziba, tangi linaweza kupasuka.

Na hita hiyo ni ya 2021. Ukipata nafasi, muite mtu aitoe ile fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi aitazame. Inaliwa na kutu badala ya tangi kuliwa. Ikiisha, zamu inakuwa ya tangi lenyewe, na hapo yule wa 85,000 atakuwa amesema kweli.

BabaMapacha, Alhamisi saa 11:20 alfajiri

Jana jioni niliacha kila kitu kimefungwa. Saa tatu usiku 58, baada ya watu wawili kuoga. Sasa hivi, alfajiri, 54. Stima sijawasha.

Mama ndiye ameoga wa kwanza leo. Ameimba huko ndani.

Valvu nitaweka Jumamosi. Fundi, nitakutafuta kwa ujumbe wa siri, nataka uje wewe mwenyewe, na tulipane. Mkulima, kipimajoto kitarudi na kijana wa maziwa.

MwalimuNjoro, Alhamisi saa 2:30 asubuhi

Nimefanya kipimo hicho kwangu asubuhi hii, kwa mashine ya kufulia. Maji hayakukata hadi nilipofunga valvu ya mashine! Miaka miwili nimelaumu mawingu ya Njoro. Fundi, hizo valvu za njia moja nichukue za kipimo gani?

FundiSection58, Alhamisi saa 2:41 asubuhi

Nusu inchi, za shaba, zisiwe za plastiki upande wa moto. Zina mshale ubavuni. Mshale uelekee mashine.